Kwa nini gari linalojiendesha linakuchefua hata likienda taratibu

Swali: “Daktari, nimeendesha gari zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kuchefukwa barabarani. Tangu ofisi yetu ianze kutusafirisha kwa magari ya umeme yanayojiendesha yenyewe, mambo yamebadilika. Safari ni ya dakika arobaini. Mwanzoni huwa sina neno, nafungua laptopu nijibu barua pepe. Tukifika nusu ya njia naanza kupiga miayo, jasho jembamba linanitoka, mate yanajaa mdomoni, moyo unachafuka. Nikishuka kichwa kinaniuma mpaka mchana. Gari haliendi mbio wala halifungi breki kwa fujo. Mwenzangu mmoja anasema ni mionzi ya betri, mwingine anasema nisile asubuhi, wa tatu anasema kompyuta haijui kuendesha. Binti yangu wa miaka tisa nilimpandisha mara moja, tukakaa viti vinavyotazama nyuma, akatapika. Mimi na mke wangu tunafikiria kuchukua gari la aina hiyo kwa mkataba wa miaka mitatu. Je, nitazoea? Kuna dawa? Au mwili wangu una kasoro?”

Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima raha. Kwa maelezo uliyotoa, sioni dalili ya kasoro. Miayo, jasho, mate kujaa mdomoni, moyo kuchafuka, kisha kichwa kuuma baada ya kushuka: huo ni mtiririko wa kawaida wa kichefuchefu cha safari, na karibu kila mtu mwenye masikio mazima hupatwa nao akitikiswa vya kutosha. Kinachokushangaza ni kwamba umeanza ukubwani, baada ya miaka mingi barabarani. Lakini miaka yote hiyo kilichokukinga ni usukani. Ulipouachia, kinga nayo ikaondoka. Nitalieleza hilo kwa urefu, ila kwanza tupitie uliyoambiwa na wenzako.

Betri kwanza. Uga wa sumaku ndani ya magari ya umeme umepimwa, na vipimo vimekuwa chini ya mipaka ya usalama inayotambuliwa kimataifa. Hakuna njia inayojulikana ambayo betri iliyo chini ya sakafu ingemtia mtu kichefuchefu. Hata hivyo mwenzako hakukosea kulishuku gari la umeme, alikosea sababu tu. Kompyuta ikipunguza nguvu, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, na gari hupungua kasi papo hapo hata breki haijaguswa. Abiria anahisi anasukumwa mbele kidogo, anaachiwa, kisha anasukumwa tena. Jambo la pili ni ukimya. Injini ya petroli hunguruma gari linapotaka kuchomoka, na sikio limezoea kuisoma sauti ile bila wewe kujua. Mota ya umeme inachomoka bila kupiga hodi.

Suala la kutokula asubuhi halina msingi. Amri ya kutapika hutoka kwenye shina la ubongo, tumbo linapokea amri tu. Mlo mzito wenye mafuta mengi kabla ya safari utakuongezea taabu, na tumbo tupu kabisa nalo halisaidii. Kula kidogo, chakula chepesi, basi.

Hoja ya tatu, kwamba kompyuta haijui kuendesha, ndiyo inayohitaji uangalifu, kwa sababu ina ukweli ndani yake lakini si ule anaoufikiria mwenzako. Wewe mwenyewe umeshuhudia kwamba gari haliendi mbio wala halifungi breki kwa fujo. Dereva mpole wa kibinadamu angekupitisha njia ile ile, wewe ukiwa kiti cha nyuma na laptopu magotini, na bado ungefika umechafukwa. Kilichobadilika zaidi ni nafasi yako ndani ya gari. Umekuwa abiria, tena abiria anayesoma.

Sasa tuingie sikioni, maana huko ndiko mambo yanakoanzia. Ndani kabisa ya mfupa wa fuvu, kila upande, una chombo kidogo cha kupima mwendo. Kina mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji, ambayo hupima kichwa kinavyogeuka: kulia na kushoto, juu na chini, na kuinamia begani. Kando yake kuna vifuko viwili, na ndani yake chembe ndogo za chokaa zimelala juu ya utando wenye vinyweleo vya hisia. Gari likichomoka, chembe zinabaki nyuma kidogo na kuvipinda vile vinyweleo. Likifunga breki, zinapinda upande wa pili. Hapo ubongo unajua kwamba mwili umesukumwa.

Tatizo ni kwamba ukiinamisha kichwa nyuma, chembe zile zile zinapinda vile vile, kwa sababu ya uzito wake. Kwa vifuko peke yake ubongo hauwezi kujua kama gari limeongeza mwendo au kichwa kimeinama. Ili uamue unahitaji macho, shingo, mgongo uliogusa kiti, na zaidi ya hayo unahitaji kukisia kinachokuja. Sasa wewe umeinamia barua pepe. Macho yanaripoti kwamba dunia imetulia, kwani maandishi hayasogei. Masikio yanaripoti kona, breki, kuchomoka. Mwaka 1975 watafiti wa Uingereza James Reason na J. J. Brand waliuweka mgongano huu wa hisia kuwa kiini cha maelezo yao ya kichefuchefu cha safari, na miaka mitatu baadaye Reason akaongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi: hisia zinagombana zenyewe kwa zenyewe, na zinagombana pia na kile ubongo ulichotarajia.

Kuna ushahidi wa pande mbili unaounga mkono picha hii. Watu waliopoteza kabisa kazi ya chombo cha sikio pande zote mbili hawachefukwi na safari, hata baharini. Kwa upande mwingine, vipofu wanaweza kuchefukwa. Kwa hiyo macho yanaweza kuongeza au kupunguza balaa, lakini si lazima yawepo ili balaa litokee. Inatosha mwendo usiolingana na matarajio.

Fikiria unashuka ngazi gizani ukidhani imebaki hatua moja, kumbe umeshafika chini. Mguu unaipiga sakafu na mwili mzima unashtuka, ingawa sakafu haikukufanya lolote. Abiria asiyetazama nje anapata mishtuko midogo ya aina hiyo kila kona na kila breki, kwa dakika arobaini mfululizo.

Dereva hapati hiyo. Kabla hajakata kona, mikono yake imeshaujua usukani unakokwenda, misuli ya shingo imeshajikaza, macho yameshafika upande wa pili wa kona. Mwaka 1991 watafiti Rolnick na Lubow walichapisha jaribio ambalo mmoja aliongoza mwendo na mwenzake akapelekwa tu, wote wakipata mwendo ule ule. Aliyeongoza alichefukwa kidogo kuliko aliyepelekwa. Tena watazame siku moja dereva na abiria wake kwenye barabara ya kona nyingi. Kichwa cha dereva huinamia ndani ya kona, cha abiria hutupwa nje. Mtafiti wa Japani Takahiro Wada na wenzake waliwaomba abiria wainamishe vichwa kama afanyavyo dereva, na kichefuchefu kikapungua. Na mtafiti mwingine, Ouren Kuiper, na wenzake, katika kazi yao ya miaka ya karibuni, walionyesha kwamba mwendo usiotabirika huchefua zaidi ya mwendo wa nguvu ile ile unaotabirika. Sauti fupi ya kumtahadharisha mtu kabla hajasukumwa nayo ilisaidia.

Ndiyo maana nikakwambia kilichokukinga ni usukani. Hiyo ni habari njema kuliko unavyodhani, kwa sababu sehemu kubwa ya ulichokipoteza ni taarifa ya kinachokuja, na taarifa unaweza kujirudishia hata bila kuendesha.

Kabla ya kufika huko, niseme kuhusu mwendo wenyewe, maana hapa ndipo watengenezaji wanapotakiwa kubanwa. Watu huchanganya mambo mawili: gari kutokuwa na raha na gari kuchefua. Mtetemeko wa haraka wa juu na chini, mara nne hadi nane kwa sekunde, ndio unaouchosha mgongo na kulitikisa tumbo, na huo springi, shokapu na kiti kizuri vinaupunguza. Kichefuchefu huletwa na mwendo wa polepole mno, ambao springi haziugusi. Majaribio ya O'Hanlon na McCauley ya mwaka 1974 kwa mwendo wa juu na chini, na baadaye ya John Golding na wenzake kwa mwendo wa mbele na nyuma, yaliangukia karibu na pale pale: mwendo unaojirudia takriban mara moja kila sekunde tano ndio mbaya kuliko yote. Kwa hiyo gari linaweza kuwa laini ajabu na bado likakuchefua vizuri tu.

Sasa hesabu mwenyewe ukiwa kwenye foleni. Gari la mbele linasogea, lenu linalifuata. La mbele linasita, lenu linapunguza. Kuchomoka, kupungua, kuchomoka, kila sekunde chache. Kompyuta iliyowekwa ilinde nafasi ile ile kati ya magari mawili huinakili kila pupa ya dereva aliye mbele yake. Dereva mzoefu hafanyi hivyo. Anaiachia nafasi itanuke na kusinyaa, ili gari lake liende mwendo mmoja. Hapo nakubaliana na mwenzako wa tatu: mifumo mingine imefundishwa usalama na kufuata foleni, haikufundishwa kumhurumia abiria.

Kona nazo zina hesabu yake. Chukua kona ya robo duara yenye nusu kipenyo cha mita 50. Gari likiipita kwa kilomita 36 kwa saa, unasukumwa pembeni kwa mchapuko wa mita 2 kwa sekunde kila sekunde, yaani karibu moja ya tano ya uzito wako. Likiipita kwa kilomita 54, mchapuko unafika 4.5. Mwendo umeongezeka kwa nusu, msukumo umezidi maradufu, na muda uliookolewa kwenye kona nzima haufiki sekunde tatu. Mimi naona hiyo ni biashara mbaya kwa mtu yeyote asiyekimbilia hospitali. Kanuni namba 79 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu usukani, inaweka kikomo kwa mifumo inayolishikisha gari njia yake: mchapuko wa pembeni usizidi 3 kwa magari madogo, na mchapuko huo usibadilike kwa ghafla kupita kiwango fulani. Lakini hivyo ni viwango vya usalama. Mtu anayesoma barua pepe anaweza kuchefuka mapema zaidi.

Kuna pia suala la dozi. Kiwango cha kimataifa ISO 2631 kina kipimo kilichotokana na safari za majini, kinachojumlisha nguvu ya mwendo na muda. Nguvu ikiongezeka maradufu, dozi nayo inaongezeka maradufu. Muda ukiongezeka maradufu, dozi inaongezeka mara 1.4 hivi tu. Hii inaeleza kwa nini mwanzo wa safari huna neno na nusu ya njia unaanza miayo: dozi imejaa polepole. Inaeleza pia kwa nini kulainisha mwendo kuna faida kubwa kuliko kufupisha safari. Mtu akikupa njia mbili, moja ndefu kidogo iliyonyooka na nyingine fupi yenye kona na taa kila hatua, chagua ile ndefu.

Na usijione uko peke yako. Mwaka 2015 Michael Sivak na Brandon Schoettle wa Chuo Kikuu cha Michigan walikadiria kwamba kati ya watu wazima 6 na 10 katika kila 100 nchini Marekani wangechefukwa kwa kiwango fulani mara kwa mara au kila wanapopanda magari yanayojiendesha kabisa, hasa kwa sababu ya mambo ambayo watu walisema wangeyafanya humo: kusoma, kuandika, kutazama video. Yaani yale yale tunayovutiwa nayo kununua gari la namna hiyo.

Basi ufanye nini kesho asubuhi? Anza na kiti. Kaa ukitazama mbele, mahali unapoiona barabara, si mgongo wa kiti cha mwenzako. Kama gari lina viti vya kutazamana, wahi kile kinachotazama linakokwenda. Mpangilio wa kutazamana unapendeza machoni na baadhi ya teksi mpya zimejengwa hivyo. Ile ya kampuni ya Zoox, iliyoonyeshwa hadharani mwaka 2020, haina usukani na abiria wake hukaa wakitazamana. Kampuni ya Waymo, waliowafungulia watu wote huduma ya teksi isiyo na dereva huko Phoenix, Marekani, mwaka huo huo, walibaki na viti vya gari la kawaida. Anayekaa kinyume anaona njia iliyokwisha kupita, haoni inayokuja, na ubongo wake unanyimwa kile hasa unachokihitaji. Kwa hiyo binti yako hakutapika kwa udhaifu. Alikuwa kwenye kiti kibaya kuliko vyote garini.

Kichwa kiegemeze vizuri, kisining'inie. Kona ikija, kiinamishe kidogo upande wa ndani, kama ungekuwa ndiye unayeendesha. Mwanzoni utaona ajabu, baada ya muda kinainama chenyewe.

Laptopu ndiyo adui yako mkubwa na najua huwezi kuiacha kabisa. Gawanya kazi kwa barabara. Kwenye foleni na kona, funga skrini, tazama nje, pigia watu simu au sikiliza ulichotakiwa kusoma. Kipande kilichonyooka ambacho gari linakwenda mwendo mmoja, hapo soma, dakika chache kwa mara moja. Na uinue skrini. Kuiweka magotini kunakuinamisha kichwa na kuifuta barabara machoni. Ikiwa usawa wa macho, pembe za macho zinaendelea kuona nje hata ukiwa unasoma, na kundi lile lile la Kuiper limeonyesha kwamba skrini iliyo juu karibu na kioo cha mbele huchefua kidogo kuliko iliyo chini. Simu za iPhone tangu mwaka 2024 zina nukta ndogo zinazosogea pembeni mwa skrini kufuata mwendo wa gari. Wazo lake ni sahihi, na hulipii kitu kulijaribu. Usitegemee muujiza kwa safari ya kona nyingi.

Ukishapiga mwayo wa kwanza, acha. Hapa ndipo wengi wanapojiponza: wanasema wamalizie sentensi moja, wajibu ujumbe mmoja. Kichefuchefu kikishashika hakiondoki gari likisimama. Kinaweza kukaa nawe saa nzima na zaidi, ndiyo maana kichwa kinakuuma mpaka mchana. Funga skrini, elekeza hewa ya baridi usoni, tazama mbali mbele, na pumua taratibu kwa mpangilio. Kupumua hivyo kumejaribiwa na kunasaidia, ingawa nguvu yake haifikii ya dawa. Bangili za kubana kifundo cha mkono ushahidi wake ni hafifu, na tangawizi matokeo yake yanapishana. Zikikusaidia, tumia, hazina hasara kubwa.

Uliza pia mipangilio ya gari. Mengi yana hali ya mwendo mpole, na nguvu ya kupunguza kasi kwa mota inaweza kushushwa. Kama gari linaonyesha kwenye skrini hatua inayofuata, mfano “linageuka kushoto” au “linasimama”, washa pia sauti yake kama ipo. Watu huizima kwa kuona inawasumbua, kumbe ndiyo inayompa abiria kile alichokuwa nacho dereva. Kulaza kiti kunawapunguzia baadhi ya watu kichefuchefu, lakini mkanda haumshiki vizuri mtu aliyelala, kwa hiyo fanya hivyo pale tu mtengenezaji ameruhusu gari likiwa mwendoni.

Dawa zipo na zinafanya kazi. Zinazotumika zaidi ni za jamii ya antihistamini za zamani, kama dimenhydrinate, meclizine, cinnarizine na promethazine, na kuna kibandiko cha scopolamine kinachobandikwa nyuma ya sikio saa kadhaa kabla ya safari. Zote ni za kuzuia. Ukimeza ukiwa umeshachefukwa, umechelewa. Zile antihistamini mpya za mzio zisizoleta usingizi hazisaidii sana hapa, kwa kuwa hazifiki vya kutosha ubongoni. Ubaya wa zinazofaa ni huo huo usingizi, pamoja na kukauka mdomo na ukungu wa macho, na scopolamine haimfai mwenye glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho) ya aina fulani au tezi dume iliyovimba. Kwa safari ndefu ya mara moja moja, sawa, muulize mfamasia. Kwa kwenda kazini kila siku kwa miaka mitatu, mimi nisingekushauri.

Hapa kuna onyo ambalo sisikii likisemwa vya kutosha. Magari yanayojiendesha yamepangwa kwa ngazi 0 hadi 5 na chama cha wahandisi cha SAE. Katika ngazi ya 2 wewe bado ni dereva, hutakiwi kusoma chochote. Katika ngazi ya 3 gari linaweza kukudai usukani wakati wowote. Ukimeza dawa ya usingizi, au ukiwa umechafukwa kiasi cha kushindwa kufungua macho, humo ndani hamna dereva. Kama gari mnalofikiria kulichukua lina usukani na linaweza kukuita, lichukulie kila kidonge kama ambavyo ungekichukulia ukiwa unaendesha mwenyewe.

Umeuliza kama utazoea. Inawezekana sana, na kuzoea kunashinda dawa yoyote, ila kuna namna yake. Ubongo hujifunza mwendo mpya kwa kuupata mara kwa mara katika dozi unazozimudu. Anza na sehemu ya safari bila skrini kabisa, siku zinazofuatana, mpaka ufike hujasikia chochote. Kisha rudisha kusoma kidogo kidogo kwenye vipande vilivyonyooka. Kujilazimisha kusoma huku moyo umechafuka hakumkomazi mtu. Wengine huishia kuchefukwa wakiliona tu gari. Na mazoea hupungua ukikaa muda mrefu bila kusafiri, kwa hiyo baada ya likizo anza tena kwa upole.

Binti yako yuko kwenye umri wenyewe. Watoto kati ya miaka 2 na 12 ndio wanaochefukwa zaidi, na wengi huachana nayo wakikua. Mpe kiti kinachotazama mbele chenye kiinuzi kinachofaa urefu wake, ambacho kwa usalama atakihitaji hata hivyo, ili aone nje badala ya kutazama mlango. Asipewe kishikwambi wala katuni. Mpe mchezo wa kuhesabu vitu vilivyo mbali. Mtoto mchanga ni habari nyingine: kiti chake hutazama nyuma kwa ajili ya kuokoa shingo na kichwa, na walio chini ya miaka miwili huchefukwa mara chache sana, kwa hiyo usimgeuze. Dawa kwa mtoto aipange daktari. Promethazine hasa hairuhusiwi kwa mtoto wa chini ya miaka miwili.

Nimesema sioni dalili ya kasoro, lakini nimekusoma tu, sijakupima. Nenda ukaonwe kama kizunguzungu kinakujia ukiwa umetulia, kama chumba kinazunguka ukigeuka kitandani, kama sikio moja limepungua kusikia au lina mlio mpya. Kile cha kugeuka kitandani mara nyingi husababishwa na zile chembe za chokaa zilizohama na kuingia kwenye mfereji, na daktari anayejua hukitibu kwa kukigeuza kichwa kwa utaratibu maalumu. Maumivu yako ya kichwa yanayofika mchana nayo nayatilia maanani. Yakikujia hata siku usizosafiri, au mwanga na kelele vikikuumiza, huenda una kipandauso, na wenye kipandauso huchefukwa kwa urahisi kuliko wengine. Kukitibu chenyewe kunaweza kukupunguzia taabu ya gari. Ukiona vitu viwili viwili, ulimi ukawa mzito, upande mmoja ukalegea, ukashindwa kusimama wima, au kifua kikabana pamoja na jasho, hiyo si habari ya safari. Wahi huduma ya dharura saa hiyo hiyo.

Kuhusu mkataba, msisaini kwa kuzungushwa mitaa miwili na muuzaji. Ombeni gari kwa safari yenu halisi, njia ile ile, saa ile ile ya foleni, kwenda na kurudi, mke wako na binti yako wakiwemo, kila mmoja akifanya anachotarajia kukifanya humo. Jaribuni hali ya mwendo wa kawaida na ile ya mpole. Angalieni kama gari linaachia nafasi kwenye foleni au linamng'ang'ania wa mbele, kama linapunguza mwendo kabla ya kona au ndani yake, kama viti vyote vinaona mbele. Muulize muuzaji kama sauti za tahadhari na nguvu ya kupunguza kasi vinaweza kurekebishwa, na kama programu mpya zinabadilisha tabia ya mwendo, kwa sababu gari mtakalolipenda leo linaweza kuendeshwa tofauti baada ya kusasishwa. Kama mkataba una kipindi cha kurudisha gari, chukueni hicho hata kikiongeza gharama kidogo. Na kama mmoja wenu bado anapiga miayo nusu ya njia wakati skrini zote zimezimwa, msilichukue gari hilo.